Nyota Moja kwa Marehemu

Nyota tano hazinishawishi. Nimefundisha hisabati Kibaha kwa miaka kumi na tisa, na nimejifunza kwamba darasa ambalo kila mwanafunzi amepata mia ni darasa ambalo mtihani wake ulivuja. Kanuni hiyo naitumia pia kwa maoni ya wateja mtandaoni, hasa maoni kuhusu visa vya mchezo wa masimulizi, ule unaochezwa mezani: mtu mmoja huwa mwendeshaji na husimulia, wengine watatu au wanne hushika nafasi za wahusika, na dadu huamua nani amefaulu na nani ameanguka. Kisa huandikwa kama kitabu kidogo, huwekwa mtandaoni, na chini yake watu huacha nyota na maneno machache. Kukicheza kisa kizuri huchukua alasiri nzima. Kukipa nyota tano huchukua sekunde mbili.

Kwa hiyo Hamisa aliponipigia simu kutoka Msimbu, miezi minne baada ya kumzika kaka yake, hakunitafuta kama rafiki wa marehemu. Alinitafuta kama mkaguzi.

"Mwalimu Halidi," alisema, "Kondo aliniachia neno, na mimi siwezi kulitekeleza peke yangu. Njoo unisomee yale maoni. Ukishasema, nitajua kama nifute au nisifute."

Kondo alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi Kisarawe mjini. Katika miaka miwili ambayo figo zilikuwa zikimmaliza aliandika kisa kimoja tu, akakiita Matanga Yasiyoisha. Wahusika hufika kwenye nyumba yenye msiba. Kila mtu ndani analia, isipokuwa marehemu mwenyewe, ambaye ameketi kitini pake na hajui kwamba amekufa. Hataondoka mpaka aambiwe neno moja. Neno lenyewe halimo kitabuni. Kwenye ukurasa wa mwisho Kondo aliandika tu: "Mwendeshaji, usilitafute. Meza italijua." Alimwambia Hamisa peke yake, na Hamisa hajamwambia mtu.

Na wosia wake ulikuwa huu: "Kama ipo meza hata moja iliyokicheza mpaka mwisho, kiache. Kama haipo, kifute. Sitaki kusifiwa na watu ambao hawakuingia ndani."

Nilifika Msimbu saa nne asubuhi. Bi Sikudhani, mama yao, alikuwa kibarazani akichambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ungo, akasema Hamisa yumo ndani na chai iko tayari.

Hamisa alikuwa amewasha kompyuta ya Kondo mezani. Kando ya meza kilikuwapo kiti cha mbao chenye mto wa kanga, na nilipotaka kukivuta alinisogezea stuli. Sikuuliza.

Nilikuwa sijamaliza nusu ya kikombe pale kengele ya baiskeli ilipolia mara moja, ndani ya chumba kilichofungwa. Ilikuwa sauti ya karibu sana, ya mtu anayeomba njia.

"Simu yake," Hamisa alisema. "Kila maoni yakiingia inalia hivyo. Alirekodi kengele ya baiskeli ya marehemu baba."

"Na ninyi mnaichaji?"

"Mama hataki izimwe. Anasema tukiizima Kondo atadhani tumemfukuza." Akashusha sauti. "Na ikilia, mama hapati usingizi. Anasema mwanawe anaitwa kila siku, na mtu anayeitwa kila siku atapumzika saa ngapi?"

Mimi siamini mambo hayo. Nilimwambia hivyo kwa heshima, nikafungua ukurasa. Maoni mapya yalikuwa yamekwisha kutokea: "Sijakisoma bado ila kinaonekana kitanitisha sana. Nyota tano. R.I.P. kaka."

Jumla yalikuwa arobaini na moja. Nikaanza kazi.

Kumi na saba yalisifu picha ya jalada. Tisa yalisema aliyeyaandika atakipa kisa haki yake siku atakapokicheza, yaani hajakicheza. Manane yalikuwa rambirambi. Mtu mmoja alisifu mapigano ya mwisho, ilhali ndani ya kisa hakuna hata kofi. Mwingine alivutiwa na mazimwi, ambayo hayamo. Mmoja alisema amewanunulia wajomba zake, na mmoja akawauliza wengine kama kinafaa kwa harusi. Mmoja alijibu kwamba kinafaa. Maoni mengine yalianza na maneno "Aghalabu visa vya aina hii huanguka katikati," yakaendelea kwa sentensi nne zilizopangwa vizuri na zisizosema lolote. Hayo niliyapita upesi kuliko mengine.

Yalibaki ya mwisho. Tovuti ilikuwa imeyafunika kwa ukanda wa kijivu: *Maoni haya yamefichwa kwa kuwa yanaweza kuwa na matusi. Bonyeza kuyaona.* Nilibonyeza, nikasoma kimya, nikafunika tena. Yalikuwa na nyota moja. Katika takwimu ipo desturi ya kuweka kando kipimo kilicho mbali mno na vingine. Nilikiweka kando. Nilijiambia kwamba nafuata desturi. Ukweli ni kwamba niliona haya.

"Hamisa," nilisema, "hakuna aliyeingia ndani."

Hakulia. Aliivuta kompyuta upande wake na kufungua mahali penye kitufe cha kufuta. Kidole chake kilikaa hapo muda ambao ningeweza kuhesabu, lakini sikuhesabu.

"Ndicho kitu chake pekee kilichobaki kinachosema," alisema. "Nguo zimegawiwa. Duka limepata mwingine. Nikibonyeza hapa, basi."

"Ndivyo alivyotaka."

"Najua alivyotaka." Akanitazama. "Yote umeyasoma?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Yote isipokuwa moja ambalo halifai kusomwa katika nyumba hii."

Kutoka kibarazani ungo ulinyamaza. "Halifai kwa nani?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Ni matusi, mama. Kuna mtu amemtukana marehemu."

"Nimekuuliza halifai kwa nani. Mimi nimezaa, nimezika. Nisomee."

"Mama, ni mtu asiye na adabu."

"Mwalimu, unanifundisha mimi? Soma."

Alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, ungo kiunoni. Nilifungua ule ukanda wa kijivu na kusoma kwa sauti ile ninayosomea matokeo ya mtihani. Aliyeandika alijiita Mpagazi wa Kwala.

"Nyota moja, na hiyo nimekosea kubonyeza. Mzaramo huyu ni mvivu hata wa kufa: kakaa kitini anasubiri wageni waje wamweleze habari zake mwenyewe. Saa tatu nzima tunambembeleza na kumsifu, na yeye anazidi kunenepa kwa sifa. Sasa nasikia na mwandishi naye kafa. Vizuri. Na shimo bila shaka kachimbiwa na wengine, maana jembe la Mzaramo ni la kuazimisha. Ewe Mzaramo, umelala vya kutosha. Mimi nimetoka mbali na mzigo kichwani, nimechoka, zamu ya kulala ni yangu. Nipishe."

Kikombe cha Hamisa kiligonga meza. Chai ilimwagika hadi kwenye kibodi na hakuifuta.

"Soma neno la mwisho," alisema.

"Nipishe."

"Ndilo," alisema Hamisa. "Ndilo lenyewe."

Bi Sikudhani alikuwa anacheka. Mchele ulimwagika miguuni pake, naye akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango, na mahali fulani katikati kicheko kile kikageuka, machozi yakamtoka, ingawa sauti haikubadilika. "Mtani," alisema. "Mtani wa mwanangu. Kachelewa mshenzi huyu, lakini kaja."

Nataka niwe mkweli kuhusu kosa langu, kwa sababu si la ujinga. Mimi ni mtoto wa huku. Najua kwamba Mnyamwezi ni mtani wetu tangu enzi za babu zao kupita hapa na mizigo ya misafara, na kwamba mtani haji msibani na pole. Baba yangu alipozikwa, mzee mmoja wa Kinyamwezi alishuka kaburini kabla ya maiti, akajinyoosha, akatangaza kwamba pana ubaridi mzuri na kwamba hatoki mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wamelia tangu alfajiri walicheka. Alipopanda juu, baba akashuka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani: anagombania mahali pa maiti ili maiti apatake. Nililijua hilo kama ninavyojua jedwali la kuzidisha. Lakini matusi ya mzee yule yalikuwa na uso, na haya yalikuwa na nyota. Tovuti iliniambia ni matusi, nami nikaiamini tovuti.

"Siku ya maziko mvua ilinyesha," Bi Sikudhani alisema, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Hakuja mtani hata mmoja. Mwanangu alizikwa na watu wenye adabu tupu. Nikasema, huyu hatalala."

Niliona ni wajibu wangu kusema kwamba neno moja si ushahidi. Mtu yeyote aliyechoka anaweza kuandika nipishe. Hamisa alikubali kwamba ni kweli. Kisha akamwandikia Mpagazi wa Kwala, akamwalika aje kujieleza Jumamosi. Alinitaka na mimi niwepo, nimhoji nitakavyo. Kitufe cha kufuta alikiacha wazi mpaka siku hiyo.

Jumamosi nilimkuta Bi Sikudhani amevaa kanga mpya, jambo ambalo Hamisa alisema halijatokea tangu msiba. Kengele ya baiskeli ililia mara tatu kabla ya adhuhuri: nyota tano, nyota tano, nyota tano. Kila ilipolia, mama alikiangalia kile kiti cha mbao, kisha akaangalia pembeni, kama mtu aliyemtazama mgeni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Mpagazi alifika saa saba. Alipanda treni Soga, akashuka Pugu, akamalizia kwa bodaboda. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, jina lake Eliya, kazi yake kuorodhesha makontena katika bandari kavu ya Kwala. Hakupiga hodi. Aliingia akiwa amekunja uso, akatazama nyumba nzima, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha Kondo.

Hamisa alishika pumzi. Mimi pia nilishika kitu, nadhani meza.

"Kiti kibovu," Eliya alisema. "Ndiyo maana hakutaka kuondoka. Aliogopa mtu ataona alivyokivunja."

"Mnyamwezi," alisema Bi Sikudhani, "umebeba nini leo? Au umekuja mikono mitupu kama babu yako alivyorudi kwao?"

"Babu yangu hakurudi mikono mitupu, bibi. Alirudi na kiriba cha maji. Wazaramo mlishindwa kukiiba kwa sababu kilikuwa kizito."

"Mwongo. Tulikuwa ngomani."

"Mpaka leo mko ngomani. Maiti wenu tunakuja kuwazika sisi."

"Na huyu umechelewa miezi minne. Au ulitembea kwa miguu?"

"Nilisikia kafa, nikasema Mzaramo kafa, ataamka kesho kuomba chai."

Bi Sikudhani alimsukumia sahani ya wali na kuku, na akakaa sakafuni mkabala naye kumtazama akila. Nilisubiri amalize mapaja yote mawili ndipo nikaanza.

"Nani alikuwa mwendeshaji wenu?"

"Blessing. Wa ofisini kwetu. Tulikuwa wanne: Blessing anasimulia, sisi watatu tunacheza. Jumapili mchana, kantini, wakati hakuna watu."

"Mlichezaje mpaka mkafika mwisho bila neno kuandikwa?"

"Hatukufika, mwalimu, tulikwama." Alinawa mikono. "Wenzangu wanamlilia marehemu: ulikuwa mtu mwema, ulikuwa nguzo yetu. Blessing anatupa dadu, marehemu anajibu asante, nitakaa nanyi. Tunasifu tena, anasema asante, nitakaa nanyi. Saa tatu. Kisha Blessing akatuvutia kiti kitupu mezani, akasema marehemu yuko hapa, mwambieni ninyi wenyewe. Nikakichoka. Nikasahau kama nacheza mhusika. Nikaona Mzaramo tu, kakaa, anasifiwa. Nikamwambia vile ningemwambia msibani."

"Na mwendeshaji alijuaje kwamba ndilo neno? Kitabu hakimwambii."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wa Eliya uliacha kuigiza.

"Tulisogea," alisema.

"Mlisogea vipi?"

"Nilipomaliza kusema nipishe, tulivuta magoti, sote wanne. Kama unapokaa kwenye benchi halafu mtu anataka kutoka. Tulivuta magoti, tukangoja, tukarudisha. Ndipo Blessing akaniuliza, 'Eliya, tumempisha nani?'"

Niliuliza kama feni ilikuwa inafanya kazi, kama mlango ulikuwa wazi, kama kuna lori lililopita na kutikisa sakafu. Alijibu kila swali. Feni haikuwapo, mlango ulikuwa wazi, malori Jumapili hupita machache na hakumbuki. Nikaandika majibu yote. Mtu mmoja akivuta magoti, watatu wengine humwiga; nimeliona hilo darasani. Nilimwambia hivyo.

"Inawezekana," Eliya alisema. "Lakini mimi sikumwona aliyeanza. Na Blessing hakumwona. Tumeulizana."

"Na kwa nini nyota moja," aliuliza Hamisa, "kama kilikushika hivyo?"

Eliya alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuja msibani na keki. "Dada, mimi ni mtani. Ningempa tano, si ingekuwa namlilia? Nilitaka kumwandikia mwandishi nimtukane vizuri, nikakuta pale juu umeandika amefariki. Nikasema basi, msiba wenyewe uko hapa. Watu wote wamejaa wanamwambia asante, nyota tano, usiondoke. Pale pale nikafanya kazi yangu."

Nilizitazama karatasi zangu, zenye makundi ya maoni niliyoyapanga kwa uangalifu, na nikaona kilichokuwa kimekaa mbele yangu tangu siku ya kwanza. Arobaini walikuwa wamefanya hasa kile ambacho kisa kinasema humzuia marehemu asiondoke. Wangekuwa wamekisoma, wangejua.

Hamisa alisogea kwenye kompyuta. Alifunga ule ukurasa wenye kitufe, polepole, na kuishusha skrini.

"Sifuti," alisema. "Meza moja imeingia."

Kama malipo ya kazi yake, Eliya alidai kiti. Bi Sikudhani alikataa, Eliya akatishia kulala pale hadi Idi, wakabishana kwa furaha hadi wakaafikiana kwamba atachukua dadu za Kondo na mguu wa kuku uliobaki. Alipotoka kupanda bodaboda, mama alimsindikiza mpaka njiani akimtukana.

Nilibaki na Hamisa. Nilikuwa na jambo la kusema, na nilikuwa nimelipanga kwa sentensi kamili, lakini zilizotoka zilikuwa fupi.

"Kati ya yale maoni," nilisema, "kuna yangu. Jina si langu, ila ni mimi. Yalikuwa ya kwanza kabisa. Kondo alikuwa amelazwa, akanitumia kisa, nikampa nyota tano siku ile ile. Nilisoma kurasa mbili."

"Alijua."

"Alikuambia?"

"Alinisomea kitandani. Akasema, 'Hamisa, katika nchi hii mtu anayeanza maoni kwa neno aghalabu ni mmoja tu.'" Hakusema kwa lawama. "Ndiyo siku aliyoniachia ule wosia."

Mtu anaweza kukaa na sentensi kama hiyo kwa muda mrefu. Nimekaa nayo. Watu ambao hawakuingia ndani: nilidhani alikuwa anazungumzia umati, na umati nilikuwa mimi.

Nilitoa simu yangu. Sikuwa na haki ya kumtukana. Mimi ni Mzaramo kama yeye, na tusi langu lingekuwa tusi tu. Sifa nyingine sikuwa na ujasiri wa kuiandika. Kilichobaki katika uwezo wangu kilikuwa kidogo. Niliingia kwa lile jina la uongo, nikatafuta zile sentensi nne, nikaziondoa.

Kengele ya baiskeli ililia chumbani.

Tovuti ile haimjulishi mwandishi maoni yanapoondolewa. Humjulisha yanapoongezwa tu. Nimelithibitisha hilo mara mbili, na mara ya pili kwa kuwaandikia wenyewe wenye tovuti. Hamisa alifungua mlango, akatoka na simu ya kaka yake mkononi, na kunionyesha. Hapakuwa na ujumbe. Maoni mapya hayakuwapo. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani yake tulijiona sisi wawili tumesimama upande mmoja wa mlango, ukutani, tumeacha njia.

Sikukumbuka kusogea. Wala yeye hakukumbuka.

Bi Sikudhani alirudi kutoka njiani, akatukuta hivyo, akatutazama kwa zamu. Hakuuliza. Alipita katikati yetu, akaingia chumbani kwa mwanawe, na tukasikia akichomoa chaja ukutani.